Tumbo Lako Lilikuwa Zima

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili jioni

Mwanangu Ewoi,

Ejok, hujambo. Tangu mchana watu wamekuwa wakikuvuta kando mmoja mmoja. Shangazi yako amekufundisha jinsi ya kuishi na watu wa Eldoret, baba yako ameeleza habari za baridi ya kule kana kwamba ameizaa yeye, na nyanya yako amekutemea mate ya baraka kifuani hadi shati likalowa. Mimi nimenyamaza, nawe umeniangalia mara mbili tatu ukingoja zamu yangu. Juu ya chakula, nguo na marafiki sina la kuongeza. Usichokijua utakijua ukishakosea, kama sisi wote.

Nina jambo moja tu, na ni la zamani. Ulipokuwa kidato cha pili tuligombana kuhusu shule. Ulisimama mlangoni ukaniuliza kwa nini sisi hatukwenda Ulaya ilhali nafasi ilikuwa imepatikana, ya familia nzima, kisha mimi nikaja kukaa hapa kupima malaria ya watu. Ulisema nilichagua matumbo ya watoto wa wengine nikakuacha wewe. Nilikwambia uende ukalale. Baba yako alikuwa analijua jibu lakini alikataa kulitoa. Alisema ni langu. Sasa unaondoka, na sitaki usafiri na swali hilo bila jibu.

Jibu linaanzia Nakalale, kijijini nilikozaliwa. Nilikuwa na mdogo wangu anaitwa Lokwawi, ambaye kwa hesabu ya ukoo ni mjomba wako ingawa hakufika umri wa kwenda shule. Ule mwaka wa ukame mkubwa alikonda kama watoto wengine. Kisha chakula cha msaada kikaja, mbuzi wachache waliobaki wakaanza kutoa maziwa, na watoto wengine wakarudi kuwa watoto. Lokwawi alikula nao. Alikula sana, mama alikuwa anamwachia hata sehemu yake mwenyewe. Lakini chakula kilipita tu. Alikufa akiwa ameshiba, Ewoi. Watu walisema ni jicho baya, wengine wakasema mama alimnyima kwa siri, na mama aliishi na maneno hayo mpaka akazeeka nayo. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwa najua kwamba hakumnyima, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika bakuli.

Chuoni nilikuja kujifunza kwamba ukuta wa ndani wa utumbo ni mwembamba sana, na kwamba mwili huubomoa na kuujenga upya kila baada ya siku chache, maisha yote. Kama haukujengwa vizuri, chakula hakiingii mwilini na uchafu unapenya. Maagizo ya ujenzi yako ndani ya kila seli, kwenye jeni. Lakini jeni haliendi lenyewe kwenye kazi. Hutoa nakala, na nakala hiyo ndiyo RNA. Nakala ikisomwa, ukuta unajengwa. Isiposomwa, hakuna kinachojengwa hata kama mtoto amelishwa ng'ombe mzima. Siku niliyolielewa hilo nilitoka darasani nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya maktaba. Nilikuwa nimepata mahali pa kumtafutia Lokwawi sababu.

Kwa hiyo ulipokuwa mtoto wa miaka minne, mimi nilikuwa mtafiti katika maabara moja Nairobi, na kazi yangu ya uwanjani ilikuwa huku nyumbani. Tulikuwa tunakusanya kinyesi cha watoto, kwa sababu ndani yake huwa kuna seli zilizobanduka kutoka kwenye ukuta wa utumbo, na ndani ya seli hizo kuna RNA inayoweza kusomwa. Watoto waliokonda tuliwapata kambini Kakuma na kwenye maboma ya mbali. Watoto wenye afya tuliwapata hapa Kanamkemer, hatua chache kutoka kwenye friza yetu ya baridi kali. Wewe ulikuwa mmoja wa wenye afya. Ulikuwa unakaa kwenye beseni la kijani ukiimba, na ukimaliza unataka kupigiwa makofi.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Kwa watoto wenye afya, nakala za ujenzi zilikuwa tele. Kwa waliokonda zilikuwa karibu hakuna. Nilisema: maagizo yamezimwa. Niliyasema hayo mbele ya wataalamu Nairobi, wakasimama kunipa mkono. Mkuu wangu wa maabara aliandika barua kwa rafiki zake Ulaya, na baada ya muda tukaalikwa: mimi kwenye kazi, baba yako kwenye masomo, wewe kwenye shule ya chekechea yenye bustani. Tulipiga picha za pasipoti. Kwenye yako umenuna kwa sababu hukuruhusiwa kushika mpira. Baba yako alimuaga mwalimu mkuu wake na kugawa vitabu vyake kwa wenzake.

Nilikuwa na haraka pia ya kuwaambia akina mama. Kulikuwa na mama mmoja kambini anaitwa Nyakim, kutoka Sudan Kusini, mwenye mtoto wa kiume, Gatluak, ambaye alikuwa anatibiwa kwenye kliniki ya lishe, anapata nafuu, anaondoka, anarudi tena amekonda. Nilimweleza kupitia mkalimani kwamba maagizo ya kujenga ukuta wa tumbo la mtoto wake yamezimwa. Mkalimani alikwama, akaniuliza "kuzimwa" aliseme vipi. Nilikuwa na watu wengine wa kuwaona siku hiyo. Nikamwambia aseme yamekufa.

Halafu ikaja wiki ya mvua. Baba yako alikuwa na semina ya walimu, kwa hiyo nilikwenda Kakuma nawe. Zamu yako ya kutoa sampuli ya pili ilikuwa imefika, na ulitoa hukohuko kwenye nyumba ya wageni, bila beseni la kijani na bila nyimbo, umekasirika. Niliiweka kwenye sanduku pamoja na nyingine. Jioni ile mto Tarach ulijaa ghafla, maji ya mvua iliyonyesha mbali huko juu, na barabara ikakatika. Barafu iliyeyuka ndani ya sanduku tukiwa tunangoja. Tulipofika Lodwar niligandisha kila kitu na kukipeleka Nairobi kama kawaida.

Sampuli zetu zilikuwa zinasomwa kwa namba, bila majina, ili mtu asipendelee anachotaka kukiona. Karatasi ya matokeo ilipokuja niliifungulia hapa uani. Namba moja kati ya wale ambao nakala zao zilikuwa zimetoweka ilikuwa yako.

Nakuomba ulione hilo kama nilivyoliona. Karatasi mkononi mwangu ilikuwa inasema utumbo wako ni kama wa mtoto anayekufa njaa. Na wewe ulikuwa mbele yangu unamfukuza mbuzi wa jirani kuzunguka tangi la maji, umevaa kaptura tu, mashavu yamejaa, unapiga kelele. Nilikutazama mpaka ukaniuliza nina nini. Nilikuita nikakushika tumbo. Ukacheka kwa sababu nilikuwa nakutekenya. Mmoja kati yenu alikuwa anasema uongo, wewe au karatasi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuyajenga maisha yetu yote juu ya karatasi.

Niliamua kukuamini wewe.

Nilimpigia simu mkuu wangu. Alikuwa mtu mwema na bado namheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kila utafiti huwa na sampuli moja iliyoharibika, kwamba niitoe, niandike wazi kuwa iliharibika njiani, tuendelee. "Huo si uongo," aliniambia. Na kweli haukuwa uongo. Ningeweza kufanya hivyo na hakuna mtu ambaye angenilaumu. Lakini nilikata simu nikaanza kufikiri ile njia iliyoharibu sampuli yako, ni nani mwingine aliyepita hapo. Walikuwa wamepita wote waliokonda. Kila mtoto mgonjwa, sampuli yake ilikuwa imesafiri kwa boda boda na kwa gari, saa nyingi kwenye joto la huku. Kila mtoto mzima, sampuli yake ilikuwa imetembezwa kwa mkono mpaka kwenye friza. RNA huoza haraka kuliko maziwa. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelifundisha.

Nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nilichukua sampuli za watoto wenye afya wa hapa mtaani nikazigawa nusu kwa nusu. Nusu moja ikaingia kwenye friza palepale. Nusu nyingine nilimpa kijana wa boda boda aifunge nyuma ya pikipiki, aende nayo Kakuma, arudi nayo. Aliniuliza kule ampe nani. Nikamwambia asimpe mtu yeyote, ageuze tu. Alinitazama kwa huruma na akaenda.

Zile nusu zilizobaki nyumbani zilikuwa nzima. Zilizosafiri zilikuwa zimekonda. Sikuwa nimepima ugonjwa wowote wa watoto, Ewoi. Nilikuwa nimepima jua na barabara.

Niliandikia jarida lililokuwa linaandaa kuichapisha kazi yangu, nikaiondoa. Mkuu wangu alisema kwenye simu kwamba ningengoja ichapishwe kwanza kisha tungerekebisha. Watu wa Ulaya walijibu kwa adabu kwamba nafasi imefungwa. Baba yako alipoambiwa alikaa kitandani, akavua viatu, akavivaa tena, akaenda kumwona mwalimu mkuu kuomba kazi ambayo alikuwa ameiaga kwa hotuba. Walimu wenzake walimwita Mzungu mwaka mzima. Hakunilaumu hata siku moja, lakini usidhani hakuumia. Wewe hukuulizwa kitu. Mtoto wa miaka minne haulizwi. Huenda kule ungekuwa mtu mwingine, mwenye mambo ambayo mimi siwezi hata kuyafikiria, na sitakudanganya kwamba nilikupunguzia kitu kidogo. Sijui nilikupunguzia nini. Ninachojua ni kwamba nyumba ile yenye bustani ingekuwa imesimama juu ya jambo ambalo si kweli, nami ningekuwa nalijua kila asubuhi ninapokufunga viatu.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Lakini sijamaliza, kwa sababu lililofuata ndilo lililonifundisha zaidi.

Hakuna aliyenituma kurudi kwa akina mama. Katika maabara, ukiondoa kazi yako unaandika barua na mambo yanaisha. Mimi nilipanda gari nikaenda Kakuma. Nilimkuta Nyakim nje ya nyumba yake anafua. Gatluak alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, na nilipoiona mikono yake nilijua kwamba hajaenda kliniki. Nilimuuliza Nyakim tangu lini. Wakati huo alikuwa ameshajua Kiswahili cha kambini, hatukuhitaji mkalimani.

"Wewe ulisema tumbo yake imekufa," aliniambia. "Kama tumbo imekufa, uji ni ya nini? Nampa dada yake. Dada yake tumbo iko hai."

Hakuwa amesema kwa hasira. Alikuwa ananieleza uamuzi wa mama mwenye watoto wawili na chakula kidogo, uamuzi wa akili kabisa, uliojengwa juu ya neno langu. Nikakaa chini kwenye mchanga. Nikamwambia kwamba nilikosea. Kwamba kile nilichokisema hakikuwa kweli.

"Daktari anaweza kukosea hivi?"

"Anaweza."

"Na leo hukosei?"

Nilitaka kumwambia mtoto wake atapona. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini neno kama hilo ndilo lililokuwa limemlaza Gatluak kwenye ule mkeka, neno la mtu aliyekuwa anataka sana liwe kweli. Nikamwambia, "Sijui kama tumbo lake ni zima. Najua tu kwamba hakuna mtu anayejua kwamba limekufa. Mimi mwenyewe sijui."

Alinitazama. Kisha akakausha mikono, akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kutembea kwenda kliniki. Nilisimama nikamwambia nimsaidie kumbeba. Aliendelea kutembea. Nilitembea nyuma yake njia nzima. Mtoto alipimwa, akapokelewa siku hiyohiyo, na alikaa wodini muda mrefu. Alipona polepole, akarudi nyuma, akapona tena. Leo ni kijana mrefu anayeuza vocha na kuchaji simu za watu Kalobeyei, yale makazi mapya ya wakimbizi karibu na kambi, na hanipendi sana, na ana haki.

Baada ya hapo nilikaa miaka mingi kwenye maabara ya hospitali. Wewe unaikumbuka miaka hiyo, mimi narudi nyumbani nanuka dawa, macho yamechoka kwa darubini. Ulidhani nimeshindwa. Siku nyingine hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kila jioni ulipokuwa unafanya hesabu zako mezani, mimi kwenye upande wangu wa meza nilikuwa naandika upya ule utafiti, nikiutafutia kila mahali unapoweza kudanganya. Nilikataliwa ufadhili mara nyingi kiasi kwamba baba yako aliacha kuuliza majibu. Uliofika mwishowe ulikuwa mdogo, ukatosha.

Safari hii tulikuwa na maji ya kuhifadhia, dawa ambayo ikimwagwa kwenye sampuli palepale mlangoni inazuia RNA isioze hata kwenye joto. Na waliokonda na wenye afya wote tuliwachukua mahali pamoja, Kalobeyei, nyumba kwa nyumba, sanduku moja, njia moja. Nyakim alikuwa amehamishiwa huko na alikuwa amezaa mtoto mwingine, msichana. Nilipofika kwake alikataa. "Nilikupa ya kaka yake, ukaharibu," alisema, nami nikamshukuru nikaondoka, kwa sababu lilikuwa jibu la haki. Wiki iliyofuata alinifuata mwenyewe kwenye kituo akiwa amembeba yule msichana. Alikuwa na sharti. Matokeo yakija, nije nimwambie kwa mdomo wangu, hata kama ni mabaya, hata kama hayapo. Nikakubali.

Tulichokipata si kile nilichokisema mara ya kwanza, karibu ni kinyume chake. Kwa watoto waliokonda, nakala za ujenzi zipo. Zipo nyingi kama za wenzao. Lakini kuna RNA nyingine, ndogondogo, ambazo zimezing'ang'ania na kuzizuia zisisomwe. Mwili haujayatupa maagizo, umeyashikilia tu. Kwa nini umeyashikilia, na kama yanaweza kuachiliwa, hilo sijui, na si dawa bado. Usimwambie mtu kwamba mama yako amepata dawa. Nilikwenda nikamweleza Nyakim hivyohivyo, na sehemu ya "sijui" nikaieleza kwa urefu kuliko ile nyingine. Alinipa chai.

Unakwenda kusomea uhandisi wa maji. Utapima visima, utapima mito, na siku moja utapata namba utakayoipenda. Itakuja na watu wa kukupa mkono, labda na nyumba yenye bustani. Sikuombi uikatae. Uliza tu imepitia njia gani mpaka ikakufikia. Na ukigundua umekosea, usiishie kwenye kuandika barua. Nenda kwa miguu yako mpaka mlango wa aliyekunywa yale maji.

Sasa la mwisho. Tulipopata matokeo haya mapya sikuyatangaza. Niliyapeleka kwa maabara nyingine, kwa watu ambao kwa miaka wamekuwa wanabishana nami, nikawapa kila kitu, sampuli, namba, njia zote, nikawaomba wajaribu kuyavunja. Nimengoja zaidi ya mwaka. Ndiyo maana umeniona naamka mapema na kushika simu kabla ya kuosha uso. Wameandika Ijumaa. Wamejaribu kwa kila namna wanayoijua, na yamesimama.

Sijamwambia mtu yeyote. Baba yako nitamwambia kesho tukitoka kukusindikiza, na Nyakim nitamfuata Kalobeyei Jumanne. Nilitaka wa kwanza kujua uwe wewe.

Mimi,
Mama